Pumzi ya Dada

Asnath aliingiwa na shaka alipoisikia pumzi ya dada yake. Mbio zilibakiza nusu mzunguko, wasichana wengine wote wameachwa mbali, na dada alikuwa begani kwake akipumua taratibu kwa pua, kama mtu anayetoka kisimani.

Dada hakuwahi kushindwa. Ndiye aliyemwamsha Asnath kila alfajiri wakakimbia peku barabara ya Iguguno. Ndiye aliyekataa hata soda ya harusini kwa ajili ya siku hii. Sasa tajiri mmoja, aliyefungua mashine ya kukamua alizeti baada ya biashara kuachiwa watu binafsi, alikuwa amejitolea kumpeleka mshindi kwenye kambi ya wanariadha Dar es Salaam. Mmoja tu. Na dada huyo huyo anabaki nyuma nusu hatua?

"Dada, unanipisha?"

"Kimbia, usiongee."

"Mbona huhemi?"

Dada akaanza kuhema kwa sauti, mihemo ya kuigiza. Hapo Asnath akajua. Hatua moja kabla ya mstari wa kumalizia, uliochorwa kwa majivu, akasimama, akageuka. Watu wakapiga kelele.

"Pita wewe," alisema. "Nafasi ni yako."

"Na mama na mguu wake ule mbovu, nani atamlimia?"

"Mimi."

"Wewe jembe hujalizoea."

"Nitalizoea."

Dada alimtazama, kifua kimetulia, jasho halijafika hata shingoni. Kisha akamsukuma kwa mikono miwili, kwa nguvu zote alizokuwa amezibana, na Asnath akaangukia magoti upande wa pili wa mstari.