Mpaka wa Gitothua

Bedan, kijana wa kiwandani Thika, alikuwa amenunua kiwanja chake cha kwanza Gitothua ili ajenge vyumba vya kupangisha. Akiba yake yote ilikuwa mfukoni mwa muuzaji. Kilichobaki ni kupanda mimea ya mpaka.

Alipokuwa akishindilia udongo kwenye mche wa kwanza, muuzaji akiwa kando yake, mwanamke mwenye mtoto mgongoni alikuja akasimama karibu naye.

"Kijana, nani amekuuzia?"

"Huyu hapa."

"Huyo ni shemeji yangu. Shamba ni la mume wangu, na yeye yuko kizuizini."

Bedan alimgeukia muuzaji.

"Huyo harudi," muuzaji alisema, akitazama chini.

Bedan alipiga magoti, akaung'oa mche pamoja na mizizi yake.

"Akirudi, mama, asikute mpaka wangu."