Pointi za Kipanga

Jumamosi hiyo, kwa mara ya tano tangu Januari, Nzau alipandisha pointi za Kipanga. Hakungoja hata wageni wamalize chai. Aliandika 80 kwa kalamu nyekundu kwenye orodha iliyobandikwa ukutani, akarudi nyuma hatua mbili na kuitazama kama mtu aliyetundika picha ya harusi yake.

Kipanga ilikuwa meli ya vita vya angani, ya plastiki, ndogo kama kidole gumba. Katika mchezo ambao Nzau aliubuni kwa miaka minne kwenye baraza ya nyumba yake Loresho, kila mchezaji alipewa pointi mia moja za kununulia meli. Meli kali pointi nyingi, meli dhaifu pointi chache. Nzau alipenda kusema kwamba utamu wote uko hapo: pointi zikiwa sawa, hakuna meli inayoshinda kabla dadu hazijarushwa.

Kazini, Nzau aliwakadiria watu siku zao za kufa kwa niaba ya kampuni ya bima, na hakuwa amezoea kubishiwa. Jumatatu kitabu cha kanuni kilikuwa kinaenda kupigwa chapa, nakala elfu moja, na baada ya hapo hakuna pointi ingeguswa tena. Jina lake lilikuwa kwenye jalada, kwa herufi kubwa kuliko jina la mchezo.

Shida ilikuwa Naliaka.

Naliaka alikuwa mkaguzi wa nyama kwenye kichinjio kimoja Dagoretti. Alifika kila Jumamosi na gambuti zake, viatu virefu vya mpira vya kazini, ndani ya mfuko, akaketi meza ya pembeni, akacheza bila maneno mengi. Aliletwa na Mwau, rafiki wa Nzau tangu shule. Siku ile ya kwanza Nzau alimpa Kipanga kwa sababu ndiyo iliyokuwa meli rahisi kuliko zote, naye hakutaka mgeni ajifunzie kwenye zile nzuri. Alimweleza mchezo kwa muda wa kumimina kikombe cha chai, kisha akaenda kwa watu wa maana.

Pointi zilikuwa 28. Naliaka akanunua Kipanga tatu, akamshinda kila aliyekaa mbele yake. Nzau akapandisha hadi 36, zikabaki mbili. Naliaka akashinda. Akapandisha hadi 45. Ilipofika 52 ikabaki moja, peke yake dhidi ya meli nne au tano, na bado wenzake waliondoka mezani wakikuna vichwa. Ikaja 65. Mechi thelathini na moja, ameshinda ishirini na tisa.

"Ameniuliza kama unamfukuza," Mwau alimwambia Nzau walipokuwa jikoni wakitafuta sukari. "Anasema anaweza kuacha kuja, kama ndiyo unataka."

Nzau alishangaa kweli. Alijibu kwamba yeye hana neno na dada huyo, hata anamheshimu kwa kazi yake, ila meli ina kasoro, na kasoro lazima irekebishwe.

"Basi siku moja kaa kando yake umtazame akicheza," Mwau akasema. "Hiyo meli yako haichezi vile uliichora."

"Nina matokeo yote kwa kompyuta. Matokeo yananitosha."

Na yalimtosha. Naliaka alipokuwa akicheza, Nzau alikuwa sebuleni, mbele ya jedwali lake lenye safu kumi na nne, akingoja mtu amletee karatasi ya nani kashinda.

Alasiri hiyo karatasi ilikuja kabla bajia hazijapoa. Kipanga moja, ya pointi 80, ilikuwa imezimaliza meli tano za Mwau.

Nzau alijifungia na jedwali lake kwa dakika arobaini. Alipima bunduki, hazikuwa na kitu. Alipima mwendo, wa kawaida. Kisha akaiona, pale pale chini ya pua yake: ngao. Miaka minne nyuma, kwa kuwahurumia wanaojifunza, aliipa Kipanga ngao za kuhimili mapigo matatu mazito, ngao ambazo hakuna meli nyingine ndogo iliyokuwa nazo. Aliionea haya huruma yake mwenyewe. Akapiga meza kwa furaha, akatoka nje.

Aliwataka wachezaji wote kumi na wawili waweke dadu chini. Akawahutubia. Alisema mchezo ni kama nchi, hauwezi kusimama ikiwa mtu anashinda kwa alichopewa bure na si kwa akili yake. Alisema kuna watu wanakaa nyuma ya ngao halafu wanajiona majemadari. Hakutaja jina. Lakini macho yake yalikaa kwenye meza ya pembeni tangu neno la kwanza hadi la mwisho, na watu wawili watatu wakainama kutazama viatu vyao.

Mwau akafungua mdomo. Nzau akainua kidole, na Mwau akaufunga, akajifunika uso kwa kiganja.

"Kuanzia leo," Nzau akatangaza, "Kipanga haina ngao hata moja. Na pointi zake zitabaki 80."

Naliaka aliichukua kadi ya meli yake, iliyoandikwa uwezo wake wote kwa nyuma, akaigeuza, akausoma upande wa nyuma taratibu, mstari kwa mstari, kama anavyoikagua nyama kabla ya kuigonga muhuri. Nzau alimngoja. Alikuwa na majibu matatu tayari kwa malalamiko yoyote.

"Samahani, Bwana Nzau," Naliaka akasema. "Kwani ilikuwa na ngao?"