Habari ya Ukurasa wa Mbele

Asubuhi hiyo Bi Siwema aliingia ofisini kwa Kitwana, mhariri wa gazeti la mji, akiwa amevaa kanga zake za sikukuu. Alikuwa ameahidiwa kwamba leo ndipo habari ya mumewe, aliyeuawa na mashine mbovu ya kiwanda cha saruji, ingetoka.

"Nisomee, mwanangu. Mimi herufi sizijui," alisema, akimkabidhi nakala aliyoinunua mlangoni.

Kitwana alilikunjua gazeti taratibu. Wasomaji walikuwa wamehamia kwenye simu, matangazo nayo yakawafuata hukohuko, na wapiga chapa wake walikuwa wakifanya kazi bila mshahara. Jana kiwanda kilekile kilinunua ukurasa wa mbele kwa mwaka mzima, kwa sharti moja tu, naye akaiondoa habari ile kwa mkono wake mwenyewe.

Alitaka kumwambia ukweli, lakini hakuthubutu. Akainamia tangazo la saruji, akaanza kuisoma kwa ghibu habari aliyoiandika: jina la marehemu, wenzake waliolalamika wasisikilizwe, mashine ambayo haikutengenezwa. Bi Siwema alisikiliza huku machozi yakimtiririka.

"Mungu akuweke, baba. Sasa mji mzima utajua."

Akalibana gazeti kwapani, akatoka. Kutoka dirishani, Kitwana alimwona akivuka barabara hadi barazani kwa fundi cherehani, akalitandaza gazeti mezani pake na kumwomba amsomee tena. Fundi akasimamisha cherehani, akapapasa mfukoni kutafuta miwani.