Maelezo ya Manjano

Siku kaka yake alipogongwa na lori akitoka Marani, Edinah alikuwa ofisini Ogembo akimngoja waendelee kuandika programu ya kompyuta ya kupimia majani chai.

Aliporudi kazini baada ya mazishi, alimkuta meneja amekalia kiti cha marehemu.

"Pole sana, dadangu. Lakini haya maelezo ya kaka yako ndani ya programu yafute," alisema, akigonga skrini kwa kalamu. "Ni Kikisii kitupu, na kompyuta yenyewe huyaruka tu."

Ni kweli, iliyaruka. Yalikaa katikati ya msimbo kwa kijivu hafifu, maneno ambayo kaka alikuwa akimwachia dada yake kwa lugha ya kwao, kama: Edinah, usiguse hapa kabla hujanywa chai.

Kidole chake kilisimama juu ya kitufe cha kufuta. Kisha akafungua mpangilio wa rangi, akakiondoa kile kijivu, akaweka manjano ya ndizi mbivu. Bado rangi ilikuwa imepooza. Akaikoleza mpaka maneno yakawaka kuliko msimbo wenyewe.

"We! Si nimesema ufute?"

"Nimesikia, bosi."

"Hapa ni kazini ama matangani?"

"Kote kuwili." Akauhifadhi mpangilio ndani ya programu, ili rangi ile ionekane kwenye kila kompyuta ya ofisi. Kisha akamsogezea kibodi. "Ukitaka yafutwe, futa mwenyewe. Nakuangalia."

Meneja aliitazama kibodi. Hakuigusa.

Siku hizi mfanyakazi mpya akifungua programu hiyo, macho yake hutua kwanza kwenye yale maneno ya manjano, na asiyejua Kikisii humwuliza Edinah yanasemaje.