Mkono wa Mwalimu wa Kwaya

Mwalimu wa kwaya alipoinua mkono kuanzisha wimbo, mkewe, aliyeketi kwenye kinanda karibu naye, alijikunyata akajikinga uso kwa kiwiko.

Kanisa zima liliona.

Ijumaa mke huyo alikuwa amemwendea mchungaji ofisini, akamwonyesha kidole kilichovimba hadi pete haivuki. Mchungaji alikohoa, akatazama dirishani.

"Mama, Bwana wetu ni Mwanakondoo. Alipelekwa machinjoni asifungue kinywa. Vumilia, uendelee kumtumikia kwa kinanda chako. Mambo ya ndani hayaanikwi nje."

Akarudi nyumbani, akakifunga kidole kwa kitambaa, akajizoeza kupiga bila hicho.

Sasa, kwenye kinanda, mwanamke aliushusha mkono wake taratibu, uso ukimwaka kwa aibu. Waimbaji walikuwa wamekwisha kuvuta pumzi, wakabaki nazo kifuani. Bibi mmoja wa benchi la mbele alisema, "Yesu wangu!" Mchungaji akainamia Biblia yake kana kwamba amepotewa na ukurasa.

Mumewe alilitabasamia kanisa. Kisha akamsogelea, meno yakiwa bado nje, akamnong'oneza, "Piga! Unanitia aibu. Piga, nimesema!"

Mwanamke alikitazama kidole chake. Alikuwa ameukosea wimbo huo mara nyingi mbele ya watu, lakini hakuwahi kuukataa. Akakivuta kipaza sauti cha kwaya hadi midomoni.

"Hodari wa kupiga ni wewe, baba watoto," alisema. "Piga basi. Leo mashahidi wapo."