Koo la Volvo

Tuva Norling aliingiza vidole vitatu katika koo la injini. Cha nne kikagoma.

"Umeona?" alimwambia mjomba wake. "Kwa tundu hili, gari litapumulia wapi?"

Tundu lenyewe lilikuwa throto, kile kilango kinachoingiza hewa dereva akikanyaga mafuta. Throto ya Volvo hiyo ilimzidi Tuva umri. Kwenye simu yake kulikuwa na tangazo la nyingine, ya milimita sabini, inang'aa, na muuzaji alitaka jibu kabla ya Jumatano saa kumi na mbili jioni.

Mjomba Ingemar hakuwa fundi. Alikuwa mhasibu wa kiwanda cha mbao, lakini pale Ljusdal, mji mdogo wa Sweden, mwanamume asiye na maoni kuhusu throto huangaliwa vibaya, na yeye hakuwa tayari kuangaliwa vibaya. Alivuta kigoda, akamega andazi la mdalasini.

"Faida yake utaiona huko juu," alisema. "Ukishavuka mia na ishirini."

"Mia na ishirini," Tuva alirudia taratibu, kama mtu aliyetajiwa jina la mchumba.

"Ila huko chini litakuwa zito kidogo."

"Kwani huko chini anakaa nani, Mjomba?"

Ingemar alicheka mpaka akapaliwa. Damu yake hiyo, alisema, damu ya Norling kabisa.

Kila Ijumaa jioni vijana wa Ljusdal walikusanyika kwenye kituo cha mafuta, wakafungua boneti, wakachungulia na kusikiliza injini za wenzao kwa uzito wa madaktari bingwa. Mwenye injini ya kuwatia wenzake wivu ndiye aliyeongoza msafara kuzunguka mji. Tangu majira ya kuchipua Tuva alikuwa mkiani, akimeza moshi wa Melker Åsberg. Ijumaa iliyopita Melker aliinama juu ya Volvo, akatega sikio, akatikisa kichwa.

"Pole, Tuva. Mgonjwa amelazwa tangu lini?"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Tuva naye alicheka. Kisha akaenda nyumbani na kulia kwa hasira, uso kwenye mto, akaapa kwamba Ijumaa ijayo Melker atakula moshi wake.

Mlango wa gereji ulifunguliwa. Mama yake, Agneta, aliingia akisukuma baiskeli, akachukua pampu na kuanza kujaza upepo. Hakuwa mtu wa kungoja majira ya baridi yamfumanie: baiskeli ilikuwa imeshavaa matairi ya theluji, yenye misumari ya chuma.

"Mnaongea nini?"

"Hewa," alisema Ingemar.

"Hilo nimelisikia tangu nikiwa barabarani." Agneta alichungulia simu ya binti yake. "Tuva. Hiyo ndiyo pesa ya matairi ya theluji."

Ilikuwa ndiyo hiyo hiyo. Kiangazi kizima Tuva alikuwa aking'oa magugu makaburini, na akiba yake ilitosha kitu kimoja tu. Hewani tayari palikuwa na ile harufu ya baridi inayofanya watu wazima waanze kutafuta sepetu za theluji.

"Mama, matairi hayaonekani ukifungua boneti."

"Gari likipinduka mtaroni yanaonekana vizuri sana."

"Hujui inavyokuwa kuwa wa mwisho!"

Agneta aliacha kupiga pampu. Alimwangalia binti yake, akaona machozi yakimlengalenga.

"Gari ni lako," alisema. "Ukiamua, usinililie."

Siku mbili Tuva hakulala vizuri. Aliandika faida upande mmoja wa karatasi na hasara upande wa pili, akapoteza karatasi. Alisoma mtandaoni ugomvi wa watu wazima wawili, mmoja akiapa kwa throto ya sabini na mwingine akimwita mwenzake mbumbumbu kwa sababu yeye alikuwa na ya sabini na tano. Jumatano saa kumi na moja na nusu jioni alituma neno moja: "Naichukua."

Usiku huo huo akaifuata, na kuifunga kulichukua Alhamisi nzima. Ilivuta hewa pembeni, injini ikawa inapanda na kushuka yenyewe, hadi Tuva alipokata kizibo cha karatasi ngumu kutoka boksi la mikate mikavu. Hapo ikatulia. Mjomba aliyekuwa ameshika tochi alijipongeza kwa kazi nzuri. Tuva akang'arisha kila kitu, hata pembetatu nyekundu iliyobandikwa nyuma ya gari.

Ijumaa boneti ilifunguliwa na watu wakasogea karibu. Melker aliinama, akatega sikio, akainuka polepole.

"Yesu," alisema. "Nenda mbele."

Tuva alitaka kumkumbatia kila mtu, hata Melker. Aliongoza msafara kutoka kituoni, magari kumi na moja yakimfuata, muziki juu, mpaka kwenye mteremko wa kanisa. Theluji ya kwanza ilikuwa imeanza kudondoka. Alikanyaga mafuta mpaka chini. Injini ikanguruma, vioo vya duka la dawa vikatetemeka, mshale ukapanda: ishirini, ishirini na tano, thelathini. Hapo ukasimama, kwa kuwa gari lilikuwa limefungiwa mwendo: dereva wa miaka kumi na tano kama yeye haruhusiwi kwenda zaidi ya hapo, na Volvo yake, kwenye karatasi za serikali na kwa ile pembetatu ya nyuma, ni trekta.

Nyuma yake ikalia kengele. Agneta akampita kwa baiskeli, misumari ya matairi ikiuma theluji, akapunga mkono bila kugeuka.

"Chakula saa moja, mwanangu!"