Hatua ya Wiki Hii

Restituta alirudia swali lile lile, na kwa mara ya pili Mchungaji Felician akatazama mlango badala ya kujibu.

"Ni jambo gani katika huduma yako limekwama?"

Kisha akanyamaza. Ndivyo alivyowafundisha viongozi wote aliowalea, wa makanisa na wa kamati za maji, kuanzia Nangwa hadi Getanuwas: uliza, funga mdomo, ngoja. Usimpe mtu ushauri. Msaidie asikie mwenyewe anachosema. Kwa miaka sita alionana na kila mmoja wao mara moja kwa mwezi, wala hakuwahi kukosa. Hata asubuhi hii, dada yake Violeth alipomsihi apumzike, alichukua daftari akatoka.

Njiani wanawake waliokuwa wakipalilia mahindi walisimamisha majembe, wakamsalimu kwa sauti ya chini. Aliitikia. Miguu ilikuwa ikitembea yenyewe.

Mchungaji alimsogezea kikombe cha chai. Alikuwa kijana bado, mwepesi wa maneno madhabahuni, lakini leo maneno yalikuwa yamemkauka. Restituta akakizungushia kikombe viganja vyote viwili. Kilitoa mvuke, naye hakusikia moto.

"Kuna mfiwa mmoja," Felician akasema hatimaye. "Mazishi niliyaongoza mimi, wiki iliyopita. Tangu siku ile sijaenda kumwona."

Restituta akaandika: mfiwa. Mwandiko wake ulikuwa umenyooka kama kawaida.

"Nini kinakuzuia?"

"Hajalia, mama. Kaburini hakulia, nyumbani hakulia. Nasikia anaosha vyombo tu, anawapikia waliokuja kumpa pole. Naogopa nikimgusa pale panapouma ataanguka, na mimi sitajua namna ya kumwinua."

"Na akianguka?"

Felician akatazama tena mlango. Nje mtu alikuwa akipasua kuni. Restituta hakumharakisha, alihesabu mapigo ya shoka, akafika kumi na moja, akasahau anahesabu nini.

"Labda ndicho anachohitaji," mchungaji akasema. "Aanguke, lakini asiangukie chini."

"Umejijibu mwenyewe."

Aliona kwamba kazi inakwenda vizuri. Aliona tu, kama mtu anavyoona mvua ikinyesha kwenye shamba la jirani.

"Unahitaji nini ili uanze?"

"Ujasiri. Amenizidi umri. Na kila tukikutana ananiwahi, anauliza habari zangu mimi."

"Basi siku hiyo usimsubiri aulize. Wewe tangulia." Alishtuka kidogo; huo ulikuwa ushauri, na yeye hatoi ushauri. Akageuza ukurasa. "Chagua hatua moja, ndogo, utakayoichukua wiki hii. Utaje na siku yake."

"Leo."

"Saa ngapi?"

Felician akainuka, akaizunguka meza, akaketi kwenye benchi kando yake. Akaitoa kalamu vidoleni mwake, taratibu, kisha akaushika ule mkono.

"Sasa hivi," akasema. "Pole sana, Mama Bura. Mwanao alikuwa rafiki yangu."